Wimbo wa Saba Uliokataa Kunakiliwa

Neema na Lusajo, tangu niwakabidhi funguo za duka mmekuwa mkinipigia simu kuuliza mambo ambayo, nilipokuwa bado dukani, mlijifanya mnayajua. Juzi mmeuliza kwa nini printa inavuta karatasi mbili mbili. Jana mmeuliza tena swali lile lile. Nimeamua kuandika, ili nikisema nimestaafu niwe nimestaafu kweli. Sitaandika habari za leseni na kodi, wala nani alimpita nani cheo, maana hayo hayajawahi kumsaidia mtu mwenye mashine iliyogoma. Nitaandika habari za mashine zilizogoma.

Najua ninyi mmekulia kwenye flashi na simu. Kwenu mtu anatuma wimbo kabla hajamaliza kuusikiliza, na diski ni kitu cha kufunga nyuma ya baiskeli ili king'ae. Lakini duka mnalokalia lilijengwa na diski. Tena nikisema ukweli, lilijengwa na diski zilizoharibika, kwa sababu ndizo zilizonifundisha kazi.

Nilianza nikiwa mpiga chapa katika shirika moja la umma hapahapa Tukuyu. Mashine yangu ilikuwa ya chuma, na ukikosea herufi ulijua umekosea, kwa kuwa herufi yenyewe iko pale karatasini inakutazama. Halafu ikaja miaka ya soko huria. Mashirika yakauzwa, ofisi zikafungwa, na sisi wapiga chapa tukaambiwa asanteni. Wenzangu wengi waliingia kwenye mitumba. Mimi nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika kutoka Mbeya, nikaiweka sebuleni, juu ya meza iliyokuwa ya redio. Baba Atu, mume wangu, aliizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Hii nayo inakula nini?" akauliza.

"Umeme."

"Basi itakufa njaa hapa Tukuyu."

Miaka ya mwanzo niliandika kadi za harusi na barua za kuomba kazi. Kisha kanda zikaanza kupitwa na wakati. Watu wakawa wanarudi kutoka Dar es Salaam na Tunduma na deki za CD, na kila kwaya wilayani ikaona aibu kuuza kanda. Nikanunua raita, kile kifaa cha kuchomea diski, nikamwita Mzee Hashimu aje aifunge ndani ya kompyuta.

Mzee Hashimu mnamsikia tu kwa jina. Alikuwa fundi redio, mwenye kibanda karibu na msikiti, na pembeni aliuza betri, tochi na CD tupu. Kompyuta hakuwa amesomea, na wala hakujidai amesomea. Alifungua boksi, akatafuta waya zinazofanana na tundu, akafunga. Kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kwenu hadi mkawa mnayaigiza nikigeuka: "Mama Atu, fundi mbaya hubadili kila kitu kwa mara moja. Badili kimoja, ujaribu, ukae utazame. Ukinywa dawa tatu ukapona, utamshukuru daktari yupi?"

Maneno mazuri sana. Nilihitaji subira kuyatumia, na subira ilikuwa kitu cha kwanza raita ile kuniibia.

Asubuhi ilikataa, mchana ikakubali. Nikiweka diski wakati majani ya migomba nje bado yanadondosha maji, mashine inasoma, inahema, kisha inanitemea diski kama mtoto aliyepewa dawa chungu. Mchana, diski ileile, kazi ileile, inachoma bila neno. Jirani akaniambia kuna mtu ameniwekea kitu. Nilipompelekea Mzee Hashimu habari hiyo alicheka hadi akakohoa, akasema jini gani huyo wa kuamka asubuhi na baridi ya Tukuyu. Akaja mwenyewe alfajiri na mapema, akakaa, akatazama. Hakuitazama kompyuta. Alimtazama Baba Atu, aliyekuwa anachemsha chai kwenye jiko la mafuta ya taa pale pale karibu na meza, mvuke ukipanda. Ndani ya raita kuna jicho dogo la kioo, ndilo linalosoma diski. Usiku jicho linapoa, asubuhi mvuke unalifunika ukungu, kama miwani ya mtu anayeingia jikoni. Dawa yake ikawa kuwasha mashine mapema ipate joto kabla ya kulishwa diski, na kumhamisha Baba Atu na jiko lake. La kwanza lilikuwa rahisi.

Kisha diski zikaanza kufia katikati. Zinafika nusu, zinakufa. Na diski iliyofia katikati haifufuki, jueni hilo. Kazi inayobaki nayo ni kuwekea kikombe. Sebule yangu ilikuwa na vikalio vya vikombe vya kutosha kufungulia hoteli. Nikabadili diski, nikalaumu aliyeziuza, ambaye ni Mzee Hashimu huyohuyo, na hakununa. Aliniambia siku diski ikifa nitazame taa ya dari. Nikatazama. Taa ilikuwa inafifia kila mara jirani yetu alipowasha mashine yake ya kusaga mahindi. Nikanunua stabilaiza, ile ya kutuliza umeme, na nikamwomba msagaji anipigie mluzi kabla ya kuwasha. Alipiga mluzi siku mbili, halafu akasahau.

Nilipodhani nimemaliza, diski zikafa tena na taa haijafifia. Hiyo ilinitoa machozi ya hasira. Chanzo kilikuwa samaki. Mnakumbuka kompyuta za zamani, ukiziacha kidogo zinajichorea samaki wanaoogelea kwenye kioo? Kompyuta yangu ilikuwa na nguvu za kufanya jambo moja. Ikianza kuchora samaki, inasahau kuipelekea raita nyimbo, na raita ikikosa cha kuandika hata kidogo, basi, diski imekufa. Nikawafuta samaki. Binti yangu Atu alilia, kwa kuwa alikuwa amewapa majina.

Na wateja. Mteja wa diski ni mtu anayerudi. Mmoja alirudi kusema CD haichezi, kumbe ameiandika jina lake kwa kalamu ya wino yenye ncha kali na kuikwangua mgongo. Mwingine aliibandika lebo nzito upande mmoja, ikawa inayumba ikizunguka kama ndoo iliyojaa nusu. Mama mmoja aliisafisha kwa mafuta ya kupikia, akaniletea inanuka vitumbua. Wote walianza kwa sentensi moja: "Diski yako mbovu." Yao inapocheza ni yao. Ikigoma ni yangu.

Wengine walikuwa na haki ya kurudi, lazima niseme. Diski ikishaandikwa inatakiwa ifungwe, yaani uiambie mashine kwamba hakuna kitakachoongezwa tena. Usipoifunga, kwenye kompyuta yako inaimba vizuri, na kwenye deki ya mtu inakaa kimya kama ukuta. Kabla sijalijua hilo, nilibishana na nusu ya mji.

Sasa niwaambieni habari ya kwaya ya Lupepo, maana mtakutana na kazi kama hiyo, hata kama ni kwenye flashi.

Mwalimu wa kwaya hiyo aliitwa Gwamaka. Mtu mfupi, koti la suti mvua na jua, na sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Kwaya yao ilikwenda kurekodi kwenye studio ndogo huko Mbeya, wakapewa CD moja, ile tunayoiita CD mama, ambayo nakala zote zinazaliwa kutokana nayo. Muda si mrefu studio ikafungwa na mwenyewe akahama na mashine zake, hakuna aliyejua kaenda wapi. Kwa hiyo dunia nzima ilikuwa na CD hiyo moja tu. Mwalimu Gwamaka alikuja nayo kwangu mfukoni mwa shati, imefungwa kwa leso. Leso, jamani.

"Mama, nataka nakala kwa ajili ya uzinduzi," akasema. "Wageni tumeshawaalika. Na nyimbo zetu zisije zikasikika stendi kabla hatujazindua."

"Mwalimu, mimi si mwizi wa nyimbo."

"Sijasema mwizi. Nimesema zisisikike." Akavuta kiti, akakaa mbele ya raita kama mtu anayelinda mgonjwa. Alikaa hivyo kwa muda wote wa kazi ile. Alikula kwetu, akanywa chai yetu, na akawa na maoni kuhusu chai.

Nikaweka CD mama, nikaamuru inakiliwe. Ikaenda vizuri wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilipofika wa saba ikaanza kugugumia. Ikarudia, ikarudia, ikaacha. Nikapunguza kasi ya kuchoma. Ikagomea palepale. Nikabadili diski tupu. Palepale. Nikazima kila kitu, nikawasha upya, nikasafisha jicho. Wimbo wa saba.

"Labda hujui kuitumia," akasema mwalimu.

Nilihesabu matofali ya ukutani hadi hasira ikashuka, kisha nikamtuma Atu akamwite Mzee Hashimu.

Alipofika aliuliza swali moja: "Anayeumwa ni nani, anayesoma au anayeandika?"

Nikaona haya kwamba sikuwa nimejiuliza. Nikaacha kabisa habari ya kuchoma, nikajaribu tu kuzihamisha nyimbo kutoka kwenye CD mama kwenda ndani ya kompyuta. Wa kwanza hadi wa sita zikaingia. Wa nane na wa tisa zikaingia. Wa saba ukagoma. Basi mwandishi alikuwa mzima. Tatizo lilikuwa kwenye kusomwa kwa CD yenyewe.

Mzee Hashimu akaitoa, akaiinamisha dirishani kwenye mwanga. Akaniita. Karibu na ukingo wa nje kulikuwa na mkwaruzo uliozunguka diski nzima, mwembamba kama unywele, unafuata duara.

"Hii haikuanguka," akasema taratibu. "Ikianguka inachubuka hivi, kwa kukata duara. Huu ni mkwaruzo wa deki inayosukumwa au kuinuliwa diski ikiwa inazunguka, na jicho likiwa linasoma mahali hapohapo. Tena si mara moja." Akamgeukia mwalimu. "Kwenu nani anasikiliza sana wimbo wa saba?"

Mwalimu Gwamaka akatazama chai yake. "Watoto," akasema.

Tulijaribu kila tulichokijua. Tuliifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Hilo hata leo mnalifanya vibaya. Tuliisugua kwa dawa ya meno, ambayo huondoa mikwaruzo ya juujuu, na hii haikuwa ya juujuu. Mzee Hashimu akaleta deki ya dukani kwake, tukaiunganisha na kompyuta kwa waya, ili deki icheze na kompyuta isikilize tu na kurekodi. Deki haina kiburi kama kompyuta. Ikikuta shimo, inaruka na kuendelea. Nikapata matumaini.

Wimbo wa saba ukaanza. Ulikuwa wimbo wa shukrani kwa Kinyakyusa, kinanda peke yake kwanza, kisha sauti ya mwanamke mmoja. Sijui niielezeje sauti ile. Haikuwa tamu. Ilikuwa kama mtu anayekuambia jambo mkiwa wawili. Baba Atu, ambaye hajawahi kusimamisha shughuli yake kwa ajili ya muziki, alisimama mlangoni na kuni mkononi. Mwanamke yule akaanza kupandisha sauti, akapanda, na alipokaribia kufika juu kabisa, deki ikaruka. Tukamsikia yuko chini tena, amekwisha kushuka. Tulirudia. Iliruka tena. Kilele cha wimbo hakikuwepo.

"Toeni wimbo wa saba," nikasema. "Albamu iwe na nyimbo nane."

"Hapana," akasema mwalimu.

"Basi rekodini upya huo mmoja. Maiki ninayo. Mwimbaji wake amekufa?"

"Hajafa."

"Amehama?"

"Yuko Masoko."

Nilidhani sikusikia vizuri, maana Masoko ni kijiji cha hapahapa karibu na Tukuyu. "Masoko ipi?"

"Masoko hii, mama."

Nimesugua CD kwa dawa ya meno hadi nyumba nzima inanuka kama bweni la shule, Mzee Hashimu amefunga kibanda chake kwa ajili yetu, mwalimu amemaliza sukari yangu, na mwimbaji yuko Masoko, anapanda migomba, hai, mzima! Sikumwambia mwalimu yote niliyoyafikiri. Nilimwambia kama nusu. Mzee Hashimu aliniwekea mkono hewani, ishara ya kwamba inatosha, kisha akamuuliza kwa upole: "Mwalimu, mmegombana?"

Ikatoka polepole. Mwanamke aliitwa Tusekile, mjane, mmoja wa walioanzisha kwaya. Wasichana wote wanaoimba safu ya mbele aliwafundisha yeye. Baada ya kurudi kutoka studio, kwenye mazoezi, alikosa sauti ya juu mara mbili, na Mwalimu Gwamaka akamwambia mbele ya wote, "Mama, sauti yako imezeeka. Rudi nyuma, tuwape vijana." Tusekile alivua joho lake la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi, akatoka. Hakurudi.

"Ulikwenda kumwona?" nikauliza.

"Nilituma mtu."

"Mtu!" akasema Baba Atu kutoka mlangoni. Mpaka leo ni mchango wake mkubwa kuliko yote katika kazi yangu.

Mwalimu hakukubali kwenda. Basi nikaenda mimi, kwa sababu wageni walikuwa wamealikwa na jina langu lilikuwa kwenye kadi za mwaliko, nilizokuwa nimewachapia kabla hawajaniletea CD. Nilimkuta Tusekile nyuma ya nyumba yake anageuza kahawa kwenye mkeka. Mwanamke mrefu, mwembamba, kilemba cheusi. Nikamsalimu, "Mugonile," akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza kahawa. Nikamweleza yote: mkwaruzo, deki, dawa ya meno.

"Kwa hiyo mashine zimewashinda," akasema.

"Zimetushinda, mama."

"Na yeye amekutuma."

"Hajanituma. Nimekuja kwa hasira zangu mwenyewe."

Hapo akacheka, mara ya kwanza. Akafuta mikono kwenye kanga. "Sikiliza, Mama Atu. Sauti imezeeka kweli. Mimi ndiye niliye nayo, najua mapema kuliko yeye. Angenifuata nyumbani akaniambia, ningemwambia hata ninyi mmechelewa kusikia. Lakini alinisemea mbele ya watoto niliowafundisha kufungua mdomo. Alisema mbele yao. Aje aseme mbele yao."

"Aseme nini?"

"Atakachoona kinafaa. Simtungii maneno."

Nilimpelekea mwalimu ujumbe huo na nikamwambia achague: nyimbo nane, au hivyo. Aliichukua CD mama, akaifunga tena kwa leso. Kisha akauliza, "Sebule yako inaingiza watu wangapi?"

Siku ya kurekodi kwaya nzima ilijaa nyumbani kwangu, wengine wamekaa kitandani kwa Atu. Tusekile alikuja na kanga zake za kawaida, akakaa karibu na mlango. Na Tukuyu ikatufanyia kama inavyotufanyia siku zote. Mvua ikaanza. Mvua ya Tukuyu juu ya bati haikuachii hata kusikia mawazo yako, sembuse kurekodi. Tukangoja. Ilipokatika, umeme ukakatika nao. Tukangoja. Umeme uliporudi, msagaji akawasha mashine, Baba Atu akaenda kumsihi. Alipokubali kuzima, jogoo wangu akaona sasa ndiyo zamu yake. Nilikuwa karibu kurudi kwenye upigaji chapa.

Kukatulia. Hakuna aliyeimba. Wote walikuwa wanamtazama mwalimu. Akasimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mimi," akaanza kwa ile sauti ya kuamrisha, ikamkatikia. Akaanza tena chinichini. "Mama Tusekile ndiye aliyewafundisha ninyi, na mimi pia nilimkuta. Nilimwambia neno baya, na nililisema mbele yenu. Namwomba radhi, mbele yenu. Na ile CD niliiharibu mimi. Nilikuwa nasikiliza wimbo wake kila jioni, nabeba deki huku na huku ndani ya nyumba."

Wasichana wa safu ya mbele waliinamisha vichwa. Mmoja alianza kulia, mwenzake akamfinya. Tusekile alikaa vilevile alivyokuwa amekaa, mikono magotini.

"Ndaga," akasema. Kwetu hilo ni asante, na ukilisema hivyo, kwa ufupi, jambo limekwisha. Akainuka, akaja mbele ya maiki. "Gwe mwalimu, shusha kinanda. Huko juu siendi tena."

Mwalimu akashusha. Tusekile akajaribu, akatikisa kichwa. "Shusha tena." Akashusha tena. Sauti ya chini ile ilikuwa na uzito ambao kwenye CD haukuwepo. Silinganishi ili mpate kuamua ipi nzuri zaidi, maana ile ya kwanza hakuna atakayeisikia yote tena. Nasema tu kwamba alipofika kileleni, ambacho sasa kilikuwa mahali anapopafikia, hata jogoo hakuthubutu kuwika.

Nikaupanga wimbo kati ya wa sita na wa nane. Ukiwa na masikio utasikia kwamba wa sita umetoka studio na wa saba umetoka kwenye nyumba ya mtu. Nikaweka diski tupu, nikachoma kwa kasi ndogo kabisa, nikaifunga. Mashine ikafungua mdomo, ikanipa diski yenye joto. Tukaiweka kwenye deki ya Mzee Hashimu, ikasomeka. Wimbo wa kwanza, wa pili, hadi wa saba, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Wasichana wakapiga vigelegele. Mzee Hashimu akaanza kukusanya waya zake. Mimi nikakaa chini.

Tusekile peke yake hakufurahi. Aliomba wimbo wa saba urudiwe. Akausikiliza amekunja uso, kisha akanyoosha kidole.

"Hapo," akasema. "Mwanzoni pale. Nimechelewa kuingia."

"Mama," nikasema, "diski imeshafungwa. Ikifungwa haifunguliwi."

"Una nyingine tupu?"

"Ninayo, lakini hakuna atakayesikia! Ni kitu kidogo kama punje!"

"Nimekisikia mimi."

Nikamgeukia Mwalimu Gwamaka aniokoe. Uzinduzi ulikuwa umefika mlangoni, wageni wake, nyimbo zake, haraka yake tangu siku ya kwanza. Nilimngoja apaze sauti. Hata wasichana walimngoja.

Akarudi kwenye kinanda, akavuta kiti.

"Hakuchelewa," akawaambia wasichana. "Mimi ndiye niliyewahi."

Nikaifuta ile rekodi kwenye kompyuta, nikatayarisha nafasi ya mpya, nikamwonyesha mwalimu kwa kidole kwamba niko tayari. Akabonyeza kinanda peke yake, polepole, hadi mwisho wa ile sehemu ya mwanzo. Kisha akainua macho, akamtazama Tusekile mdomoni, na safari hii akamsubiri.